Kabla ya kupewa bunduki Kitui na Makueni, tupewe kiti mezani

KILA kiangazi kinapokaza upande wa mashariki wa Kitui, habari huwa ni zile zile. Ngamia wameingia mashambani Mutha, Endau au Ngomeni. Mwenye shamba amejaribu kuwafukuza. Mchungaji ana bunduki. Siku chache baadaye kuna mazishi, kuna familia zinazolala shuleni kwa kuogopa kurudi nyumbani, na kuna mheshimiwa amesimama mbele ya kamera akisema yale yale waliyosema waliomtangulia: serikali iwape watu wetu bunduki wajilinde.

Mitandaoni nako moto unawaka. Vijana walio Nairobi, Kitui mjini, Wote na Emali wanasambaza picha na kuandika kwamba dawa ya moto ni moto. Hasira hiyo naielewa. Mtu aliyepoteza shamba la ndengu kwa usiku mmoja, au aliyezika ndugu yake kwa sababu ya majani ya ng'ombe, hana muda wa kusikiliza mahubiri ya amani kutoka kwa mtu aliyekaa mjini akinywa kahawa.

Hata hivyo, napinga wazo la kugawa bunduki. Sipingi kwa sababu watu wa Kitui na Makueni hawastahili kulindwa. Napinga kwa sababu nikitazama jinsi mjadala wa bunduki unavyoendeshwa nchini, naona wenye sauti ndio wanaopata wanachotaka, na mkulima wa Mutha hayumo kati yao. Akipewa bunduki leo bila sauti, kesho atakuwa mnyonge yule yule, ila sasa atakuwa mnyonge mwenye bunduki, na adui yake atakuwa ametafuta kubwa zaidi.

Bunduki si haba

Tuanze na hesabu. Shirika la utafiti la Small Arms Survey lilikadiria kuwa kufikia 2017 kulikuwa na bunduki takriban 750,000 mikononi mwa raia wa Kenya. Zenye leseni ni chache mno ukilinganisha na hizo. Nyingine zote zimeingia kupitia mipaka, zimerithiwa kutoka vita vya majirani zetu, au zimetoka mikononi mwa maafisa wasio waaminifu.

Serikali imejaribu kuzipunguza. Mnamo 2004 mataifa ya ukanda huu yalitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo ndogo. Mnamo 2016, na tena 2021, zaidi ya bunduki 5,000 zilizonaswa au kusalimishwa zilichomwa hadharani Ngong. Moshi ulionekana, picha zikapigwa, hotuba zikatolewa. Lakini weka 5,000 kando ya 750,000 uone kazi iliyobaki.

Kwa hivyo mtu akikuambia tatizo la Kitui ni uhaba wa bunduki, muulize vizuri. Bunduki zipo tele. Kinachokosekana ni mtu wa kujibu zinapofyatuliwa.

Nani anasikizwa?

Katiba yetu ya 2010 haimpi Mkenya haki ya kumiliki bunduki. Ni ruhusa tu, inayotolewa chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Bunduki. Unapaswa kuonyesha sababu ya kutosha, uwe na akili timamu na rekodi safi. Kwenye karatasi, sheria hiyo ni kali.

Lakini sheria haitumiki hewani. Wanaomiliki bunduki kihalali wana Chama cha Kitaifa cha Wamiliki wa Bunduki. Serikali ilipoagiza Desemba 2018 kwamba kila mwenye leseni apigwe msasa upya, wamiliki walikuwa na watu wa kuwasemea kwenye runinga na magazetini. Si kosa. Ndiyo maana ya kuwa na chama. Tena wana hoja ambayo huwezi kuipuuza: Septemba 21, 2013, magaidi waliposhambulia jengo la Westgate, raia wenye bunduki za leseni, akiwemo Abdul Haji ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa, waliingia ndani na kuwatoa watu kabla serikali haijajipanga. Watu 67 waliuawa siku hizo. Bila wale raia, pengine wangekuwa wengi zaidi.

Ila angalia ni nani aliye na bunduki hiyo ya leseni. Ni mfanyabiashara, mwanasiasa, wakili. Ni mtu anayeweza kulipia mafunzo, kununua silaha halali, na kupiga simu ipokewe. Mama anayelima mbaazi Voo hana chama cha namna hiyo.

Upande wa pili wapo wafugaji. Bungeni kuna kundi la wabunge wa jamii za wafugaji ambalo limekuwepo kwa miaka mingi, na limefanya kazi nzuri kutetea watu waliosahauliwa tangu ukoloni. Hilo pia si kosa. Lakini wakazi wa Kitui wamelalamika kwa miaka kwamba baadhi ya makundi makubwa ya ngamia si ya wale vijana wanaoyachunga. Wanadai ni mali ya matajiri wa mjini, watu wenye majina, ambao hawajawahi kulala msituni hata usiku mmoja. Kama madai hayo ni ya kweli, basi yule kijana mwenye bunduki porini ni mfanyakazi tu wa mtu ambaye hatumjui. Anayekufa ni mkulima maskini, na anayekamatwa, ikiwa atakamatwa, ni mchungaji maskini. Mwenye mali anaendelea kunywa chai.

Huo ndio ushawishi ninaouogopa. Chama chenye jina na ofisi unaweza kubishana nacho hadharani. Simu inayopigwa usiku, ng'ombe waliokamatwa wakaachiliwa asubuhi, huwezi kubishana nayo. Hebu jiulize: umewahi kuona daftari lolote la umma linaloonyesha nani alikutana na waziri wa usalama wiki iliyopita, na alimwomba nini?

Na kuna kundi la tatu la ushawishi ambalo hatulitaji: wanasiasa wetu wenyewe. Kudai bunduki mbele ya kamera ni rahisi. Hakuhitaji bajeti, hakuhitaji kukaa na viongozi wa Tana River mezani, na unapigiwa makofi papo hapo. Kuuliza kwa nini kituo cha polisi kiko umbali wa saa nzima kwa pikipiki ni kazi ngumu zaidi.

Marekani inatufunza nini

Vijana wengi tunafuatilia siasa za Marekani kuliko za wadi zetu, basi tuchukue funzo huko. Chama cha NRA kilianzishwa 1871 kufundisha watu kulenga shabaha. Karibu karne nzima kilikuwa zaidi chama cha wawindaji na wanamichezo. Katika miaka ya 1970 kikageuka kuwa mtambo wa siasa, kikawapa wabunge alama kulingana na jinsi wanavyopiga kura kuhusu bunduki, na kikaingiza pesa kwenye kampeni.

Matokeo yake tuliyaona. Desemba 14, 2012, watoto 20 na watu wazima sita waliuawa katika shule ya msingi ya Sandy Hook. Kura za maoni zilionyesha kwamba takriban Wamarekani tisa kati ya kumi walitaka kila mnunuzi wa bunduki achunguzwe. Aprili 2013 mswada ukafika Seneti, ukapata kura 54 dhidi ya 46, ukaanguka kwa sababu zilihitajika 60. Wengi walitaka, wachache waliojipanga wakashinda.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Februari 14, 2018, watu 17 waliuawa katika shule ya upili Parkland, Florida. Safari hii wanafunzi wenyewe walikataa kuwa picha za kulia kwenye runinga. Walienda kwa wabunge wa jimbo lao, wakapiga kambi, wakasema majina ya waliokufa. Chini ya mwezi mmoja, Florida, jimbo ambalo NRA ilikuwa imelishika shingoni, ilipitisha sheria iliyopandisha umri wa kununua bunduki hadi miaka 21. Hawakupata yote waliyodai. Ila walionyesha kwamba ushawishi si mali ya wenye pesa peke yao.

Bunduki huzaa bunduki

Turudi nyumbani. Kuna wale watasema: lakini hatuombi kila mtu apewe bunduki, tunaomba askari wa akiba, wale wa NPR, kama walivyo Baringo na Turkana.

Sawa. Basi tutazame Baringo na Turkana. Askari wa akiba wamekuwepo huko kwa miongo mingi. Mahali pengine wameokoa maisha, hasa pale ambapo polisi wa kawaida hafiki. Lakini kwa miaka walifanya kazi bila mshahara wa maana. Mtu akipewa bunduki ya serikali na tumbo tupu, unajua mwisho wake. Malalamiko kwamba silaha hizo zilitumika kulinda mifugo ya wakubwa, kukodishwa, au kuibia majirani yalizidi hadi 2019 serikali ikawapokonya wengi wao bunduki ili ianze kuwachuja upya. Mara tu walipopokonywa, vijiji vikalalamika kwamba vimeachwa uchi mbele ya wezi. Na mnamo Februari 2023, jeshi likapelekwa tena Kaskazini mwa Bonde la Ufa kupambana na majangili. Baada ya miaka yote hiyo ya bunduki kila boma, amani haikuja.

Kumbuka pia Novemba 2012, Bonde la Suguta karibu na Baragoi. Zaidi ya maafisa 40 wa usalama waliuawa walipokwenda kufuata mifugo iliyoibwa. Hao walikuwa na bunduki, na mafunzo, na sare. Kijana wa Ngomeni aliyefundishwa wiki mbili atafanya nini zaidi?

Na tusijidanganye kwamba bunduki zikishafika zitabaki mpakani. Barabara ya Mombasa inapita Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Silaha iliyotolewa kwa ajili ya ngamia inaweza kufika kwenye barabara hiyo kwa siku moja, mikononi mwa mtu anayesubiri lori au duka la M-Pesa. Makueni, ambayo tayari inahangaika na ndovu kutoka Tsavo na mizozo ya malisho upande wa Chyulu na Kajiado, haihitaji mzigo huo.

Zaidi ya hayo, sisi vijana tunajua kwamba bunduki ya serikali pia huua. Juni 2024 tuliiona ikielekezwa kwa watu waliobeba bendera na chupa za maji. Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu vifo 39 kufikia Julai 1. Ni ajabu kumwomba mtu yule yule ambaye hajatuambia nani alifyatua risasi Nairobi, atuletee bunduki nyingine kijijini, tena bila masharti.

Tumewahi kushinda bila risasi

Wakamba wana sifa ya upinde na mishale, na ya kujaza safu za jeshi tangu enzi za King's African Rifles. Lakini ushindi mkubwa zaidi wa Ukambani dhidi ya serikali haukutumia mshale hata mmoja.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba ng'ombe wa Machakos, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, walikuwa wengi mno na wanaharibu udongo. Wakaanza kunyakuliwa na kuuzwa kwa lazima. Wakati huo huo kampuni ya nyama ya Liebig's ilikuwa imefungua kiwanda Athi River na ilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Kwa hivyo kulikuwa na sababu ya udongo mdomoni, na sababu ya biashara mfukoni. Hapo ndipo Muindi Mbingu na wenzake wa chama cha Ukamba Members Association walipoongoza maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, hadi Nairobi. Walipiga kambi kwa wiki kadhaa wakisema hawaondoki hadi wamwone gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini serikali ililegea na kampeni ya kuuza ng'ombe kwa nguvu ikasitishwa.

Kila siku maelfu yetu tunapita Muindi Mbingu Street, karibu na City Market, tukitafuta matatu au viatu vya mtumba, bila kukumbuka kwamba jina lile ni la mtu aliyejua kushawishi serikali kuliko wengi wa wabunge wetu.

Na 2024 vijana wa kizazi hiki walifanya jambo linalofanana na hilo. Kabla ya maandamano kulikuwa na simu. Nambari za wabunge zilisambazwa, wakapigiwa na kutumiwa jumbe hadi simu zao zikajaa. Juni 26, Rais alisema hatatia saini Mswada wa Fedha. Kama tuliweza kufanya hivyo kwa bei ya mkate na data, tutashindwaje kwa maisha ya watu wa Mutha?

Tudai nini basi?

Kwanza, kiti. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inasema kila kaunti iwe na Mamlaka ya Kaunti ya Masuala ya Polisi, inayoongozwa na gavana au mtu aliyemteua. Ndani yake lazima wawemo wakazi, na mmoja wao ni mwakilishi wa vijana. Je, wewe wa Kitui au Makueni unamjua anayekukalia kiti hicho? Kama humjui, andikia ofisi ya gavana umuulize. Makueni ilipata sifa kwa kuwashirikisha wananchi kuanzia kijijini wakati wa kupanga bajeti. Utaratibu huo huo utumike kuzungumzia usalama, usiishie kwenye visima na zahanati.

Pili, taarifa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Tuulize: Kitui ina askari wa akiba wangapi? Walichaguliwa vipi? Bunduki zao zinakaguliwa na nani, na mara ngapi? Ndiyo, tutaambiwa ni siri ya usalama wa taifa. Hatuombi ramani ya ghala la silaha. Tunaomba idadi.

Tatu, kama askari wa akiba lazima wawepo, na katika vijiji vingine nakubali wanahitajika kwa sasa, wawepo kwa masharti. Walipwe. Wachaguliwe mbele ya baraza la wazi, si kwenye orodha ya mwanasiasa. Kila bunduki iwe na nambari inayojulikana na irudishwe kituoni kukaguliwa. Anayeitumia vibaya ashtakiwe kama mtu mwingine yeyote.

Nne, wenye mifugo wajulikane. Tuna sheria ya kutia mifugo chapa ambayo imekaa vitabuni tangu ukoloni. Kundi la mamia ya ngamia linapovuka kutoka kaunti nyingine, liwe na jina la mwenyewe, nambari yake ya simu, na makubaliano ya maandishi kuhusu malisho, maji na fidia. Mfugaji halali anayekimbia ukame, kama ule wa 2020 hadi 2022 ambapo mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, hatakuwa na shida na hilo. Anayetaka kujificha ndiye atakayepiga kelele.

Tano, ombi rasmi. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Mabunge ya kaunti pia yanapokea maombi. Tunaweza kuandika moja linalodai mikutano ya mawaziri na makundi ya ushawishi kuhusu silaha na mifugo iwekwe wazi kwa umma. Liandikwe na vijana wa Kitui na Makueni, na ikiwezekana wa Tana River, Garissa na Kajiado pia. Hapo ndipo wakubwa wataogopa. Wamezoea kutuona tukipigana sisi kwa sisi. Kijana mkulima na kijana mchungaji wakitia saini karatasi moja, mwenye ngamia aliyejificha mjini atakuwa amepoteza ngao yake.

Najua haya yote yanachukua muda, na bunduki huchukua sekunde. Mtu wa Endau anayesikia milio usiku hawezi kungoja kamati ya Bunge. Ndiyo maana doria za polisi zinapaswa kuwepo sasa hivi, kabla ya kiangazi kijacho, si baada ya mazishi mengine. Hilo ni jukumu la serikali ya kitaifa na hatupaswi kuliondoa mabegani mwake kwa kujitolea kufanya kazi yake na bunduki ya kuazima.

Mheshimiwa akirudi tena mbele ya kamera na kudai bunduki, usimpigie makofi haraka. Muulize maswali mawili: tangu mazishi yaliyopita umekutana na nani, na ulimwambia nini? Kama hana jibu, nambari yake ya simu unayo.